Dokta, mwili umejaa lakini mke wangu hashiki mimba

SWALI

Dokta, mbukwenyi, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, naishi Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Nilioa mwaka juzi. Mke wangu ana miaka 25, hatujawahi kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba na tendo la ndoa halina shida, lakini mpaka leo hajashika mimba.

Nyumbani hakukaliki. Mama yangu yuko Mpwapwa, kila nikimpigia simu swali ni hilo hilo. Alipokuja Pasaka alimwambia mke wangu mbele yangu kwamba wasichana wa rika lake wote wanabeba mgongoni, yeye anabeba nini? Mke wangu alilia usiku kucha. Ameshapimwa utrasaundi, ameshapimwa homoni, ameshafanyiwa na kile kipimo cha mirija ambacho alisema kilimuuma mno, na kote anaambiwa yuko sawa. Amekunywa na mizizi aliyoletewa na shangazi yangu kutoka Kongwa. Nesi mmoja alimwambia siku nyingine aje na mumewe. Mimi nikaona hainihusu, maana nguvu zangu ziko vizuri na manii yanatoka ya kutosha kama ya mwanaume yeyote.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Tangu kabla sijaoa nabeba vyuma kwenye jimu moja huku Chang'ombe. Mwanzoni mwili uligoma kabisa kukua. Rafiki yangu akanionyesha sindano, akasema hii ndiyo homoni ya kiume yenyewe, testosteroni, haina madhara kwa sababu kila mwanaume anayo mwilini. Ni dawa ya mafuta, iko kwenye vichupa. Tunachomana wenyewe takoni, mililita moja kwa wiki, wakati mwingine mbili. Napumzika kidogo, naendelea. Mwili kweli umejaa, watu mtaani wananiita baunsa. Lakini tangu mwaka jana naona korodani zimepungua, zimekuwa ndogo na laini, na chuchu ya kushoto inauma nikiigusa, kuna kitu kigumu ndani kama kidonge.

Rafiki yangu anasema hiyo ni dalili kwamba dozi haitoshi, niongeze. Na kuna mzee anauza dawa karibu na Sabasaba, anasema anayo ya kunywa na ya kupaka, korodani zitarudi na uume nao utaongezeka. Niongeze dozi ili mbegu zipate nguvu? Dawa ya huyo mzee inafanya kazi? Na nikimwambia mke wangu, si ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba tatizo ni mimi? Nimebakiwa na vichupa viwili, nimesita kuvitumia.

Fundi, Nkuhungu

JIBU

Marahaba kijana wangu, mbukwa.

Usiongeze, na sindano ya wiki hii usiichome. Kusita kwako kumekusaidia. Homoni unayojichoma ndiyo inayozizima korodani zako, na kwa maelezo uliyonipa, nina shaka kubwa kwamba ndiyo inayomnyima mke wako mimba. Habari njema ni kwamba kwa wanaume wengi hali hii hurudi nyuma. Ila nataka uelewe kwanza inavyotokea, maana ukielewa, maneno ya rafiki yako hayatakuyumbisha tena.

Korodani ina kazi mbili, na kila moja ina sehemu yake. Sehemu kubwa, kama asilimia 80 ya ujazo wote, ni mirija myembamba sana iliyojikunjakunja, na humo ndimo mbegu hutengenezwa. Katikati ya mirija hiyo kuna seli zinazoitwa seli za Leydig, kwa jina la Mjerumani Franz Leydig aliyezieleza mwaka 1850. Hizo ndizo hutengeneza karibu asilimia 95 ya testosteroni yote ya mwanaume.

Korodani hazifanyi kazi kwa kujiamulia. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo humwaga kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. LH ikifika korodani, seli za Leydig hutengeneza testosteroni. FSH husaidia mirija kukuza mbegu. Ubongo nao hupima wakati wote testosteroni iliyoko kwenye damu. Ikipungua, LH na FSH huongezwa. Ikizidi, hukatwa.

Na ubongo hauna namna ya kujua kama testosteroni hiyo imetoka korodani au imetoka kwenye kichupa. Ukijichoma, ubongo unaikuta imejaa kwenye damu, unakata LH na FSH. Korodani hazipati amri tena. Seli za Leydig zinalala, mirija inapungua unene, mbegu zinakoma kutengenezwa. Kwa kuwa mirija ndiyo sehemu kubwa ya korodani, yenyewe ikinywea korodani nzima hupungua na kuwa laini. Hicho ndicho ulichokishika kwa mkono wako.

Utaniuliza, sasa testosteroni ya sindano si inafika na huko pia? Inafika, lakini haitoshi. Ili mbegu zikue, ndani ya korodani testosteroni inatakiwa iwe makumi ya mara zaidi ya ile iliyoko kwenye damu. Kiwango hicho hupatikana kwa kutengenezwa pale pale, pembeni ya mirija. Hakuna sindano ya takoni inayoweza kukifikisha. Ukiongeza dozi, msuli utanona, ndevu na chunusi vitaongezeka, na korodani zitazidi kukaushwa. Rafiki yako amesoma dalili kinyume kabisa.

Nyumbani Mpwapwa bila shaka mna ng'ombe, kwa hiyo unamjua fahali na unamjua maksai. Ndama dume akihasiwa mapema shingo haijai, nundu haikui sana, anatulia, anafungwa jembe. Wafugaji wetu walijua zamani kwamba kilichoko kwenye korodani ndicho kinachojenga dume zima, kuanzia shingo hadi ukali wake. Wewe, mwanangu, umefikia hali ambayo mfugaji hajawahi kuiona zizini: nje fahali, ndani maksai.

Kwamba nguvu hiyo husafiri kwenye damu, alionyesha Arnold Berthold huko Göttingen, Ujerumani, mwaka 1849. Aliwahasi majogoo, wakaacha kuwika na kupigana, vilemba vikanywea. Kisha akapandikiza korodani tumboni mwao, mahali ambapo haikuunganishwa na mishipa yake ya fahamu ya awali, na bado wakarudi kuwa majogoo. Testosteroni yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1935, Amsterdam, kutoka kwenye korodani za mafahali. Walitumia kilo 100 za korodani wakapata miligramu 10 tu. Mwili huitengeneza kidogo kidogo na kuitumia, hauiwekei ghala. Mwanaume mzima hutengeneza miligramu chache tu kwa siku, kati ya 3 na 10. Sasa geuza kichupa chako usome lebo. Vingi vya aina hiyo vina miligramu 250 katika kila mililita. Hata kwa dozi yako ndogo ya wiki, unauingizia mwili mara kadhaa ya kile ambacho ungejitengenezea.

Unasema manii yanatoka kama ya mwanaume yeyote, ndiyo maana ukaona kipimo hakikuhusu. Nimewasikia wanaume wengi wakijiaminisha hivyo, na wake zao wakapelekwa kipimo baada ya kipimo. Sehemu kubwa ya manii ni majimaji kutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume. Mbegu zenyewe, pamoja na majimaji ya korodani, ni asilimia chache tu. Kwa hiyo mwanaume anaweza kuwa na manii tele, rangi ile ile, uzito ule ule, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua, ni darubini peke yake. Nguvu za kiume nazo ni jambo jingine. Uume kusimama kunahitaji damu, mishipa ya fahamu, utulivu wa moyo na testosteroni ya kwenye damu, ambayo wewe unayo kupita kiasi. Kwa hiyo kitandani unajiona simba huku uwezo wa kutungisha mimba umezimwa.

Hili si nadharia. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu testosteroni ya sindano kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, miligramu 200 kwa wiki, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Kati ya wanaume 271 walioanza, 157 walifikia kutokuwa na mbegu kabisa na wakaingia kwenye hatua ya kutegemea sindano hiyo peke yake kwa mwaka mmoja. Katika hatua hiyo ilipatikana mimba moja tu. Soma tena dozi yao, halafu ulinganishe na yako. Umekuwa ukitumia kitu ambacho wataalamu walikijaribu kuzuia mimba, huku mkeo akinywa mizizi ili aipate.

Chuchu nayo ina maelezo yake. Testosteroni ikizidi, mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, homoni ambayo kwa wanawake ni nyingi. Estrojeni hukuza tishu ya titi, na hicho kidonge unachokisikia huenda ndicho hicho. Mara nyingi si cha hatari, lakini daktari akishike, usijihakikishie mwenyewe. Kuna na lile usiloliona kwa macho: testosteroni nyingi huongeza chembe nyekundu, damu ikawa nzito, na damu nzito huweza kuganda ndani ya mishipa. Na hizo sindano mnazochomana wenyewe, kama mliwahi kushirikiana sindano au kuchovya sindano iliyotumika kwenye kichupa kimoja, pima virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Nenda bila aibu, umlinde na mkeo.

Sasa cha kufanya. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa kule karibu na Chuo Kikuu, uulizie daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume. Mwambie ukweli wote: dawa gani, kiasi gani, kwa muda gani, lini mara ya mwisho. Wagonjwa wengi huficha hapo, na daktari akabaki anatafuta ugonjwa usiokuwepo. Atazishika korodani, pengine atazilinganisha na shanga za kupimia, zile zilizopangwa kuanzia mililita 1 hadi 25. Mwanaume mzima kwa kawaida anakuwa kwenye 15 au zaidi. Ataangalia pia kama mishipa ya juu ya korodani imevimba, maana hiyo nayo hupunguza mbegu. Atakuuliza utotoni kama uliugua matumbwitumbwi au korodani zilichelewa kushuka, na atakuuliza kuhusu kazi yako. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinataka ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na fundi wa kuchomelea anakaa karibu na moto. Sitaki ujiaminishe kwamba ni sindano tu, wakati huenda kuna na kingine.

Kipimo cha manii hutolewa baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na kinarudiwa, kwa sababu kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Kiwango cha chini cha kawaida kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani ni mbegu milioni 16 kwa mililita. Kipimo cha damu cha testosteroni hufanywa asubuhi, kabla ya saa nne, kwa kuwa ndio wakati huwa juu. Omba wapime LH na FSH pia, na majibu yake uyatazame mwenyewe. Zikiwa chini sana, maana yake ubongo umekata amri kwa sababu ya sindano, na korodani zenyewe huenda bado zina uwezo, zimelala tu. Zikiwa juu, maana yake ubongo unaamuru kwa nguvu na korodani zinashindwa kuitikia, na hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Ukiacha, usitegemee mimba mwezi ujao. Mbegu moja huchukua karibu siku 74 kutengenezwa, kisha wiki kadhaa za kukomaa na kusafiri. Kabla ya hapo ubongo wenyewe lazima uanze tena kutoa amri. Wataalamu waliounganisha takwimu za wanaume waliochomwa homoni kwenye tafiti za uzazi wa mpango, mwaka 2006, walikadiria kwamba asilimia 67 walirudia mbegu milioni 20 kwa mililita ndani ya miezi 6, asilimia 90 ndani ya miezi 12, na wote ndani ya miezi 24. Hao walikuwa wanaume wenye afya, dozi zao zilijulikana na walisimamiwa. Wewe umetumia kwa muda mrefu, dozi zinapanda na kushuka, na kilichomo kwenye kichupa hakuna aliyekipima. Unaweza kuchelewa kuliko wao, na wapo wanaotumia hizi dawa kwa miaka ambao hawarudi kikamilifu. Ndiyo maana kila wiki unayoongeza ni gharama.

Miezi ya kwanza itakuwa migumu. Sindano imeondoka na korodani hazijaamka, kwa hiyo testosteroni itashuka chini kabisa. Utachoka, hamu itapungua, uume unaweza kugoma, mwili utanywea kidogo, na roho inaweza kuingia giza. Hapo ndipo wengi hurudi kwenye sindano. Ukifika mahali unaona maisha hayana maana, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kukupa kuziamsha korodani, kama hCG inayofanya kazi ya LH, au klomifeni. Usizinunue mwenyewe duka la dawa kwa kuelekezwa na watu wa jimu. Zinahitaji vipimo na usimamizi.

Kuhusu yule mzee, okoa hela yako. Uume hupata umbo lake tumboni mwa mama, kuanzia kama wiki ya 8 ya mimba, pale korodani changa zinapoanza kutoa testosteroni, na sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi iitwayo dihidrotestosteroni ambayo ndiyo hujenga uume, pumbu na tezi dume. Hukua tena wakati wa balehe. Balehe ikiisha, mlango huo umefungwa: hakuna homoni, mzizi wala mafuta ya kupaka yanayouongeza uume wa mtu mzima. Kama ni wasiwasi wa ukubwa, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, wenye vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000, ulipata wastani wa sentimita 13 ukiwa umesimama, na naamini vijana wengi wanaohangaika wangejikuta wako humo humo. Hizo dawa zinazoitwa za asili zimekutwa mara nyingi, katika nchi nyingi, zimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, ambayo kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti inaweza kuua.

Mkeo. Unaniuliza kama kumwambia ni kukubali kwamba tatizo ni wewe. Mwanangu, huyo binti amebeba lawama ambayo huenda si yake hata kidogo. Ameingizwa dawa kwenye mirija kwa maumivu, amekunywa mizizi ambayo hakuna anayejua ina nini, na mama mkwe amemdhalilisha mbele yako nawe ukanyamaza. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanaume anahusika, peke yake au pamoja na mkewe. Ilitakiwa wewe upimwe wa kwanza, kwa sababu kipimo chako ni chepesi na hakiumi. Mwambie leo, kabla ya majibu. Akikasirika ana haki, msikilize mpaka amalize. Nenda naye kliniki mkakae pamoja mbele ya daktari. Mizizi aiache.

Mama yako mpigie wewe, mkeo asimwelezee. Si lazima umweleze habari za sindano. Inatosha kumwambia, "Mama, nimeanza matibabu mimi mwanao, mke wangu hana shida, naomba usimsemeshe tena jambo hili." Akiwa na swali aulize kwako. Mama wa Kigogo akielezwa na mwanaye wa kiume kwa heshima, husikia.

Na vile vichupa viwili usimrudishie rafiki yako, wala usimwachie kijana mwingine pale jimu hata akikubembeleza kwa hela. Vibebe kama vilivyo siku ya kwenda kliniki, daktari asome lebo, kisha mkabidhi mfamasia wa hospitali aviteketeze.